Robert Maillart: Mhandisi aliyejenga madaraja kwa kupunguza

Katika milima ya mashariki mwa Uswisi, juu ya korongo lenye kina cha takribani mita 90, lipo daraja jembamba la zege ambalo limeruka kutoka jabali hadi jabali bila ya nguzo hata moja kusimama chini ya korongo. Daraja hilo la Salginatobel lilifunguliwa mwaka 1930 ili kukiunganisha kijiji kidogo cha Schuders na Schiers, mji ulioko bondeni.

Halikujengwa ili kuonyesha fahari ya taifa, wala halikuwekwa mahali ambapo watu wengi wangeliona. Lilichaguliwa kutoka michoro 19 iliyowasilishwa katika shindano la zabuni, na sababu kubwa ya kuchaguliwa kwake ilikuwa bei: lilikuwa la gharama nafuu kuliko mengine. Hata hivyo, mwaka 1991 Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani kililitambua kuwa kumbukumbu ya kimataifa ya historia ya uhandisi.

Mhandisi aliyelibuni, Robert Maillart, alifariki dunia mwaka 1940. Leo wanafunzi wa uhandisi na wa usanifu majengo katika nchi nyingi husoma kazi zake. Je, ni fikra gani iliyomwezesha mtu huyu kujenga vitu vilivyokuwa imara, vya bei ndogo na vya kupendeza macho kwa wakati mmoja?

Mwanafunzi wa Zurich

Maillart alizaliwa mjini Bern tarehe 6 Februari 1872. Kati ya mwaka 1890 na 1894 alisomea uhandisi katika Taasisi ya Shirikisho ya Teknolojia ya Zurich. Huko alifundishwa na Profesa Wilhelm Ritter, bingwa wa njia ya kuchora nguvu kwa mistari badala ya kuzitafuta kwa milinganyo mirefu peke yake.

Kwa njia hiyo, mwanafunzi huona katika mchoro namna uzito unavyosafiri kutoka barabarani, ukapita katika daraja, hadi ukaifikia ardhi. Ritter pia aliwasisitizia wanafunzi wake kwamba kipimo cha mwisho cha daraja ni daraja lenyewe: lipakizwe mzigo, kisha lipimwe limeinama kiasi gani. Mafunzo hayo mawili, kuuona mwendo wa nguvu na kuupima ukweli wake kwa vitendo, Maillart alibaki nayo maisha yake yote.

Baada ya masomo alifanya kazi katika kampuni binafsi, kisha katika ofisi ya ujenzi ya jiji la Zurich. Huko alibuni daraja la Stauffacher, lililokamilika mwaka 1899. Lilikuwa daraja la zege, lakini mtu aliyepita hapo asingejua, kwa kuwa lilifunikwa kwa mawe ya kuchongwa yaliyobuniwa na msanifu majengo. Wakati huo zege lilihesabiwa kuwa kitu duni, kinachostahili kufichwa nyuma ya sura ya jiwe.

Zege lilikuwa bado halina umbo lake

Ili kuielewa kazi ya Maillart inafaa kwanza kuielewa tabia ya zege. Mchanganyiko huo wa saruji, mchanga, kokoto na maji ukishakauka huwa mgumu sana unapobanwa. Unapovutwa, hupasuka kwa urahisi. Ndiyo maana mafundi huweka nondo za chuma ndani yake: zege hubeba mbano, chuma hubeba mvuto.

Mwishoni mwa karne ya 19 ujenzi wa namna hiyo ulikuwa mpya barani Ulaya, na wajenzi wengi waliuiga ujenzi waliouzoea. Aliyezoea mawe alijenga tao nene la zege kana kwamba ni jiwe, na aliyezoea mbao au chuma alipanga boriti juu ya nguzo, na boriti nyingine juu ya hizo. Wachache walijiuliza zege lenyewe linataka kuwa na umbo gani. Jiwe huchongwa na mbao hukatwa, lakini zege humiminwa, na kwa hiyo sakafu, ukuta na tao vinaweza kuwa mwili mmoja.

Mwaka 1901 Maillart alilitumia wazo hilo katika daraja la Zuoz, linalovuka Mto Inn. Badala ya kuweka tao chini, kuta juu yake, na sakafu juu ya kuta kama vitu vitatu tofauti, aliviunganisha vikawa mfano wa sanduku lenye uwazi ndani. Hivyo kila sehemu iliisaidia nyingine kubeba mzigo, na zege lililohitajika likapungua. Ritter, mwalimu wake wa zamani, aliitwa kuutathmini mpango huo na akauunga mkono.

Nyufa zilizofundisha

Miaka miwili baadaye nyufa zilionekana katika kuta za daraja la Zuoz, karibu na kingo za mto. Hazikuwa nyufa za kuliangusha daraja. Mhandisi mwingine angeweza kuziziba kwa saruji na kuendelea na shughuli zake, au safari iliyofuata angeongeza unene wa kuta ili zisipasuke tena.

Maillart alifikia uamuzi wa kinyume. Aliona kwamba zege limepasuka mahali hapo kwa sababu halikuwa na kazi ya maana ya kufanya. Mwendo wa nguvu haukupita pale, ulipita chini zaidi, ndani ya tao. Kama sehemu hiyo haina kazi, kwa nini iwepo?

Jibu lake lilionekana mwaka 1905 katika daraja la Tavanasa, lililovuka Mto Rhine kwa tao la mita 51. Zile sehemu za ukuta zilizopasuka Zuoz ziliondolewa kabisa, na mahali pake pakabaki uwazi wenye umbo la pembetatu. Daraja likawa jepesi zaidi, na likapata sura ambayo haikuwahi kuonekana katika daraja la mawe wala la chuma.

Tao la Tavanasa lilikuwa na bawaba tatu: moja katika kila mwisho wa tao na moja kileleni. Faida ya bawaba ni kwamba tao linaweza kupanda na kushuka kidogo joto linapobadilika, au ardhi inapotitia, bila ya kupasuka. Penye bawaba hakuna nguvu ya kulipinda tao, kwa hiyo hapo zege laweza kuwa jembamba. Nguvu hiyo huwa kubwa katikati ya kila nusu ya tao, na hapo ndipo Maillart alipoongeza kina. Umbo lililotokea, jembamba mwanzoni, pana katikati na jembamba tena kileleni, lilitokana na hesabu ya nguvu zenyewe na wala halikuwa pambo.

Daraja hilo halikudumu. Mwezi Septemba 1927 maporomoko kutoka mlimani yalilisomba. Lakini fikra yake ilikuwa imekwisha kukomaa, na miaka michache baadaye ilirudi ikiwa kubwa zaidi.

Dari bila boriti

Maillart hakuwa mtu wa madaraja tu. Mwaka 1902 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya ujenzi, na mapato yake mengi yalitokana na majengo ya kawaida kama viwanda, maghala na matangi ya maji.

Katika maghala ya wakati huo, sakafu ya juu ilibebwa na boriti ndogo, boriti ndogo zikabebwa na boriti kubwa, na boriti kubwa zikabebwa na nguzo. Mpango huo ulirithiwa kutoka ujenzi wa mbao. Maillart aliuliza tena swali lile lile: boriti zina lazima gani, ikiwa zege linaweza kumiminwa likawa bamba moja lenye nguvu kila upande?

Alijenga mfano wa majaribio, akaupakia mizigo na kupima ulivyoinama. Matokeo yake yalikuwa dari tambarare isiyo na boriti, iliyokaa juu ya nguzo ambazo vichwa vyake hutanuka taratibu mfano wa uyoga. Ghala la Giesshübel mjini Zurich lilijengwa kwa mtindo huo mwaka 1910. Nchini Marekani wahandisi wengine walikuwa wakifikia wazo linalofanana na hilo kwa njia yao. Leo dari tambarare isiyo na boriti ni jambo la kawaida katika majengo ya ghorofa na maegesho ya magari duniani kote.

Vita, mapinduzi na madeni

Kufikia mwaka 1914 Maillart alikuwa mkandarasi aliyefanikiwa, na kampuni yake ilikuwa na kazi katika Urusi ya Kitsari. Majira ya kiangazi ya mwaka huo alikuwa Riga pamoja na mkewe Maria, ambaye alikuwa Mwitaliano, na watoto wao watatu, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka. Familia hiyo haikuweza kurejea nyumbani.

Baadaye walihamia Kharkov, ambao leo ni mji wa Ukraine, na Maillart akaendelea kujenga viwanda vikubwa. Mwaka 1916 mkewe alifariki dunia huko. Mwaka uliofuata yakaja mapinduzi, na mali yote aliyokuwa nayo katika nchi hiyo ikapotea. Aliporejea Uswisi vita vilipokwisha, alikuwa mjane mwenye watoto wa kulea, hana mtaji, na anadaiwa fedha nyingi.

Alikuwa na umri wa miaka 47 hivi. Hakuweza tena kuwa mkandarasi mwenye mitambo na mafundi wake mwenyewe. Alifungua ofisi ndogo ya usanifu mjini Geneva na kuanza upya kwa kuuza michoro tu, huku wengine wakijenga. Madaraja yake mengi yanayosifiwa sana leo ni ya kipindi hicho cha pili, baada ya kupoteza karibu kila kitu.

Sakafu inapolisaidia tao

Wazo kuu la kipindi hicho nalo lilitokana na nyufa. Katika daraja la Aarburg, lililojengwa mwaka 1912, baadhi ya sehemu za sakafu zilipasuka. Hesabu za kawaida zililitazama tao peke yake na kuichukulia sakafu kama mzigo tu. Nyufa zilionyesha vingine: sakafu ilikuwa ikishirikiana na tao kubeba uzito, hata kama mhandisi hakuitaka ifanye hivyo.

Maillart aliamua kuufanya ushirikiano huo kuwa msingi wa usanifu. Tatizo la tao jembamba ni kwamba gari zito likiwa upande mmoja tu, tao hutaka kuinama upande huo na kuinuka upande wa pili. Lakini ikiwa sakafu na kuta zake za pembeni zimetengenezwa kama boriti ngumu, sakafu huusambaza mzigo huo katika urefu wote wa tao. Tao hubakiwa na kazi moja ambayo zege huiweza vizuri mno, yaani kubanwa.

Katika daraja la Valtschiel la mwaka 1925, tao linalovuka mita 43 lina unene wa sentimita 23 tu kileleni. Mtu anayelitazama kwa mbali huona kama ukanda uliokunjwa. Mwaka 1933 Maillart aliipeleka fikra hiyo mbali zaidi katika daraja la Schwandbach, katika jimbo la Bern. Hapo barabara inapinda inapovuka bonde, na kuta nyembamba zinaunganisha barabara hiyo iliyopinda na tao lililo chini yake, bila ya kuharibu mwendo wa kimoja wala kingine.

Salginatobel: umbo na namna ya kujenga

Daraja la Salginatobel ni mtoto wa Tavanasa. Lina bawaba tatu na umbo lile lile la kupanuka na kufinyika, lakini tao lake linavuka mita 90. Mhandisi alikuwa Maillart na mkandarasi alikuwa Florian Prader.

Katika korongo la namna hiyo, sehemu kubwa ya gharama ni kiunzi cha mbao kinachosimamishwa ili kulibeba zege kabla halijakauka. Kiunzi hicho kilibuniwa na Richard Coray, fundi mashuhuri wa viunzi vya madaraja, na picha zake zingali zikiwastaajabisha watazamaji: mbao zilizotandazwa kama kipepeo kutoka pande mbili za korongo.

Usanifu wa Maillart ulikirahisishia kiunzi kazi yake. Kwanza lilimiminwa bamba jembamba la chini la tao, na kiunzi kilihitaji nguvu ya kulibeba bamba hilo tu. Bamba lilipokauka, lilianza lenyewe kusaidia kubeba kuta na sakafu zilizojengwa juu yake. Kwa hiyo kiunzi kingeweza kuwa chepesi, na chepesi maana yake ni nafuu. Mhandisi aliyefikiria umbo la mwisho peke yake asingepata akiba hiyo. Maillart, aliyekuwa mkandarasi kwa miaka mingi, alifikiria pia kila hatua ya ujenzi na kila ubao utakaonunuliwa.

Mambo matatu kwa pamoja

Wachambuzi wa kazi ya Maillart, akiwemo marehemu Profesa David Billington wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, wameieleza falsafa yake kwa mambo matatu: kutumia mali ghafi kidogo kadiri usalama unavyoruhusu, kutumia fedha kidogo kadiri kazi inavyoruhusu, na kutafuta uzuri ndani ya mipaka ya hayo mawili.

Jambo la tatu ndilo husahauliwa. Hesabu sahihi haizai jibu moja tu. Wahandisi wawili wenye bajeti moja na korongo moja wanaweza kutoa madaraja mawili tofauti, yote salama, na moja likawa zuri kuliko jingine. Maillart alijua kwamba hapo ndipo penye uhuru wa mhandisi, na aliutumia. Hakuongeza mapambo, alichagua, kati ya maumbo yanayofaa, lile linaloonyesha wazi namna linavyobeba.

Katika makala alizoandika miaka ya 1930 alipinga imani kwamba hesabu peke yake inaamua vipimo vya jengo. Kwake, hesabu ni chombo, na hesabu rahisi iliyoeleweka vizuri, ikithibitishwa na majaribio ya mzigo, ina thamani kuliko hesabu ndefu inayomfanya mhandisi asilione tena jengo lenyewe. Madaraja yake kadhaa yalipimwa kwa mizigo na Profesa Mirko Roš wa maabara ya shirikisho ya upimaji wa mali ghafi za ujenzi, na vipimo hivyo vilimpa hoja mbele ya waliomtilia shaka.

Sifa zilizochelewa

Waliomtilia shaka walikuwa wengi. Madaraja yake yanayosifiwa zaidi yako katika mabonde ya mbali, ambako fedha zilikuwa kidogo na bei ndogo ilikuwa hoja kubwa. Katika miji, wenye mamlaka mara nyingi walipendelea daraja lililoonekana zito, kwa kuwa macho ya wengi yalizoea kuamini kwamba uzito ndio uimara.

Heshima zilianza kumfikia mwishoni mwa maisha yake, na nyingi zilitoka nje ya taaluma yake. Mwaka 1937 taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo ya Uingereza ilimpa uanachama wa heshima. Miaka saba baada ya kifo chake, Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilifanya maonyesho ya kazi zake, na mwaka 1949 msanii wa Uswisi Max Bill alichapisha kitabu juu yake.

Nchini mwake mrithi wake anayetajwa zaidi ni Christian Menn, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki dunia mwaka 2018. Menn alianza kwa kujenga matao yaliyofuata fikra za Maillart, kisha akaenda mbele kwa njia yake. Daraja lake la Sunniberg, lililokamilika mwaka 1998, liko Klosters, katika bonde lile lile la Prättigau ambamo mtu hupandia kwenda Salginatobel. Wasomaji wanaoishi Boston huenda wamepita juu ya wazo la Menn bila ya kujua: ndiye aliyetoa dhana ya daraja la nyaya la Zakim, lililofunguliwa mwaka 2003.

Kasoro zake

Maillart hakuwa mtu asiyekosea, na wembamba una gharama zake. Zege likiwa jembamba, nondo huwa karibu na uso, na maji yakipenya chuma hushika kutu. Daraja la Salginatobel lilihitaji ukarabati mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, pamoja na kuta zake za pembeni kujengwa upya. Wahandisi wa leo huweka zege nene zaidi juu ya nondo na hulishughulikia suala la maji kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyokuwa desturi mwaka 1930.

Aidha, ujenzi wake ulihitaji mikono mingi ya mafundi seremala. Leo katika nchi za Ulaya ujira wa fundi ni mkubwa kuliko bei ya zege, na mara nyingi daraja zito lenye umbo rahisi hugharimu kidogo kuliko jembamba lenye umbo la kisanii. Hii ni sababu mojawapo kwamba madaraja kama yake hayajengwi sana tena.

Swali kwa Afrika Mashariki

Uwiano huo wa bei hauko sawa kila mahali. Katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki, saruji na chuma ndivyo ghali, hasa vikisafirishwa mbali, ilhali mafundi wapo na wanahitaji kazi. Na haja ya madaraja madogo ni kubwa. Mafuriko ya msimu wa masika wa mwaka 2024 nchini Kenya na Tanzania yalibomoa barabara na madaraja, na kijiji kinapopoteza daraja hupoteza pia njia ya kwenda hospitali, shuleni na sokoni.

Katika mkoa wa Kigoma nchini Tanzania na magharibi mwa Uganda, madaraja madogo ya matao ya mawe yamejengwa kwa kushirikiana na wakala wa maendeleo wa Ubelgiji. Nchini Tanzania, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, imeendelea kuyajenga katika maeneo mengine. Tao la mawe hubeba mzigo kwa mbano, kwa hiyo halihitaji nondo nyingi, na mawe yake hupatikana karibu. Umbo hilo ni la kale kuliko zege la Maillart, lakini swali lililoliibua ni lile lile alilokuwa akiuliza: hapa tulipo tuna nini kwa wingi, tuna nini kwa uchache, na ni umbo gani litatumia cha kwanza na kuokoa cha pili?

Mtu angeweza kudhani kwamba ubunifu katika uhandisi maana yake ni kupata mtambo mpya au kompyuta yenye kasi zaidi. Vyombo hivyo vina faida, na Maillart bila shaka angevitumia. Lakini hatua zake mbili kubwa kabisa, Tavanasa na matao yanayosaidiwa na sakafu, zilianza pale aliporudi kuyatazama madaraja yaliyokwisha kujengwa na kulipwa, akakuta nyufa, na akakaa nazo hadi akajua zinasema nini. Kazi hiyo iko wazi kwa kila mhandisi wa wilaya ambaye, baada ya mvua kupita, hushuka mtoni kukagua kilichosalia.